Dudumizi, mvua na neno "nadharia"

(Hotuba niliyoitoa mjini Dodoma mwezi Novemba, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, wazazi wao na viongozi wa dini. Nimeiandika karibu kama nilivyoizungumza.)

Mbukwenyi! Shikamooni wakubwa zangu. Wachungaji, mashekhe, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja kwenye joto hili.

Nimeitwa kujibu swali la binti mmoja aliyemo humu ukumbini. Aliliandika kwenye karatasi ya daftari, mwalimu wake akaniletea nyumbani. Anasema hivi: "Darasani nafundishwa nadharia ya mageuko ya viumbe. Kanisani nafundishwa uumbaji. Kwenye mtihani naandika la darasani, nikitoka naendelea na la kanisani. Je, mimi ni mnafiki? Na kama yote mawili ni imani, kwa nini moja lina mtihani na jingine halina?"

Nimefundisha fizikia na baiolojia zaidi ya miaka thelathini, na swali hili nimeulizwa kwa kunong'onezwa mlangoni baada ya kipindi, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Huyu ameliandika. Nampongeza. Leo nataka nimjibu kwa kirefu, kwa sababu kuna jambo ndani yake ambalo limenikaa moyoni tangu nikiwa darasa la tano.

Nianze na neno lenyewe, maana limetuponza. Fundi gereji akiletewa kijana aliyetoka chuoni asiyejua kushika spana, anasema, "Huyu ana nadharia tu." Diwani akitoa mpango usiotekelezeka, tunasema, "Hayo ni ya nadharia." Kwenye midomo yetu nadharia imekuwa maneno yasiyo na kazi. Kwa hiyo mtoto akisikia "nadharia ya mageuko" au "nadharia ya vijidudu vya maradhi", anasikia kitu ambacho mtu amekikisia akiwa amekaa kitini.

Lakini Kiswahili chetu kina neno la makisio, na ni zuri kuliko tunavyolitumia. Ni nadharia tete. Ninyi watoto wa Dodoma mnajua tete ni nini. Mtama ukiwa tete, punje yake ukiiminya kwa kucha inatoa maji meupe kama maziwa. Kwelea kwelea wanaupenda sana wakati huo, na ndiyo maana watoto wanashinda shambani na kombeo. Mtama tete huwezi kuuweka akiba, utaoza. Sharti ukomae, jua liupige, uvunwe, upigwe kwa fimbo, upepetwe, pumba ziende na upepo. Kinachobaki kwenye ungo ndicho kinachoingia kwenye kihenge. Mwanasayansi anapotamka "nadharia", bila "tete", anasema habari ya mtama wa kwenye kihenge. Umepigwa fimbo na watu wengi, wengine walitamani kabisa uharibike, na bado umebaki punje. Hata hapo kihenge hufunguliwa kila mara kuangaliwa kama wadudu wameingia.

Sasa niwapeleke kwetu, upande wa Bahi.

Kuna ndege anaitwa dudumizi. Ana mgongo wa hudhurungi, anapenda kujificha kwenye vichaka, na sauti yake ni kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba: du-du-du-du-du, inashuka inashuka mpaka inaisha. Wazee wanasema akilia, mvua iko njiani. Baba yangu alikuwa analiamini jambo hili kabisa. Mimi nilikuwa darasa la tano, msimu wa 1973 kuingia 1974, na mwalimu wetu wa sayansi kimu alikuwa ametufundisha kuchora jedwali. Nikachukua mkaa, nikachora kwenye ukuta wa ndani wa tembe letu, pembeni ya mlango, vyumba vinne. Cha kwanza: kalia, mvua ikanyesha. Cha pili: kalia, haikunyesha. Cha tatu: hakulia, ikanyesha. Cha nne: hakulia, haikunyesha. Kila jioni naweka alama moja mahali pake.

Baba alipoona ukuta wake umechafuliwa alitaka kunichapa. Nikamweleza. Akakaa kwenye kigoda akautazama. Chumba cha kwanza kilikuwa na alama, ndiyo. Lakini cha pili kilikuwa nazo nyingi zaidi, na hizo hakuwahi kuzihesabu maishani mwake. Hakuna mtu anayezihesabu. Ndege akilia na mvua isije, siku inapita tu. Akilia mvua ikaja, habari inazunguka kilabuni mwezi mzima.

Baba yangu hakujua kusoma. Lakini sikilizeni alichosema. Alisema, "Basi tuangalie akilia alfajiri tu, na upepo uwe unatoka mashariki. Akilia mchana usimwandike." Yaani alikubali kwamba kauli yake ya kwanza ilikuwa pana mno, akaipunguza, akaipa masharti ambayo ukuta ungeweza kuyakataa tena. Hiyo ndiyo sayansi, mabibi na mabwana, na ilifanyika kwenye tembe, kwa mkaa, na mtu mwenye jembe mkononi.

Baba yangu mdogo naye alikuwepo. Akasema, "Ndege hajakosea. Mvua imefungwa."

Mnajua maneno hayo yanakwenda wapi. Mvua ikiwa imefungwa, kuna aliyeifunga. Na aliyeifunga huwa ni bibi kizee anayekaa peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini, asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea. Kwetu alikuwepo mmoja. Alinipa mlenda na ugali siku nyingi mama akiwa shamba. Mwezi wa pili ulipofika bila mvua ya maana, watu walianza kwenda kwake usiku. Aliondoka kabla hakujapambazuka na wajukuu wake wawili, na hatukumwona tena. Leo sisi wasomaji wa vitabu tunajua kwamba ukame wa 1973 na 1974 uligusa sehemu kubwa ya nchi, mpaka serikali ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Je, bibi yule alifunga mvua ya nchi nzima? Hilo halikuulizwa na mtu hata mmoja, kwa sababu kauli "mvua imefungwa" ilikuwa imejengwa isiulizike. Mvua ikija, tambiko limemshinda bibi. Isipokuja, bibi ana nguvu. Ukiitafuta siku ambayo kauli ile ingekuwa na makosa, huioni kwenye kalenda.

Nawaomba mshike tofauti kati ya baba na baba mdogo, maana ndiyo ninayotaka kuisema leo. Wote wawili walianza na ndege yuleyule. Baba alitaja mapema ni kitu gani kikitokea atakubali kwamba amekosea. Baba mdogo alihakikisha hakuna kitu cha namna hiyo. Nadharia ya kisayansi huanzia alipokaa baba. Hutoka mlangoni ikiwa imeshasema, "Mkiona hili, niangusheni."

Sasa wachungaji na mashekhe wangu msininune, wala msidhani baba mdogo ndiye ninayemwita dini. Hapana. Mimi ni mtu wa kanisani, na wiki iliyopita nilipiga magoti kuomba mvua kama ninyi. Waislamu wana swala ya kuomba mvua, wanatoka nje uwanjani. Kuomba si kutabiri. Mama anayeomba mvua hajasema kwamba Jumatano zitanyesha milimita ishirini. Analia kwa Mungu wake. Mvua isipokuja Jumatano hajawa mwongo, na imani yake haijashindwa jaribio, kwa sababu haikuwekwa kwenye mizani hiyo.

Tena angalieni Kiswahili kinavyotusaidia. Imani kwetu ni neno la uhusiano. Tunasema "nina imani na wewe". Mtu mkatili tunasema "hana imani", maana yake hana huruma. Limezaliwa nyumba moja na amana, na uaminifu. Mwenye imani ni mtu aliyejikabidhi. Someni sura ya tatu ya kitabu cha Habakuki, mwishoni. Nabii anasema hata mizabibu isipozaa, mashamba yasipotoa chakula na zizi libaki tupu, bado atamfurahia Bwana. Mkulima wa zabibu wa Makutupora au Hombolo anajua uzito wa maneno hayo. Huyo ni mtu wa imani akisema kwa makusudi kwamba mavuno mabaya hayatamwondoa. Na ndivyo inavyopaswa kuwa. Mke anayekupenda mpaka siku mshahara utakapochelewa, hakukupenda. Lakini nadharia ikisema maneno ya Habakuki, ikisema "hata vipimo vyote vinikatae, nabaki palepale", hiyo imekufa. Kile ambacho kwa imani ni uaminifu, kwa nadharia ni ugonjwa.

Na dini zenyewe, zikiwa na akili timamu, zimelijua hili. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto. Fikirini nafasi aliyokuwa nayo baba aliyefiwa, umati mzima unamwambia mbingu zinaomboleza naye. Akakataa. Akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote, basi waswali. Mashekhe mtanisahihisha kama nimekosea tamko, lakini maana yake ni hiyo, na mimi Mkristo naipenda sana.

Kwa kuwa nimetaja kupatwa kwa jua. Tarehe 1 Septemba 2016 wengi wenu mlikuwa wadogo. Siku hiyo watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona jua likipatwa kipete, limebaki duara la mwanga kama pete. Hapa Dodoma tuliliona limeliwa upande. Wanahesabu walishataja siku, dakika na kijiji miaka mingi kabla. Hesabu hizo mzizi wake ni kazi ya Isaac Newton ya mwaka 1687. Lau lingechelewa hata nusu saa, kila mtu mwenye kipande cha kioo cha kuchomelea vyuma angeiona nadharia imekosea. Haikujificha.

Na hapa nitawakawiza kidogo, kwa sababu nadharia hii ya Newton iliwahi kushinda na kushindwa kwa swali la namna moja. Katika karne ya 19 sayari ya Uranus ilionekana haipiti sawasawa kwenye njia iliyohesabiwa. Mfaransa Urbain Le Verrier akasema kuna sayari nyingine nje yake inayoivuta, akapiga hesabu mahali ilipo. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, Johann Galle akaelekeza darubini huko akiwa Berlin, akaikuta sayari ya Neptune, pungufu ya digrii moja kutoka pale ilipotajwa. Le Verrier alipoona Utaridi nayo, sayari iliyo karibu kabisa na jua, ina kasoro ndogo kwenye njia yake, akatumia dawa ileile: akasema ipo sayari nyingine karibu na jua. Akaipa na jina, Vulcan. Ikatafutwa miaka mingi. Haikuwepo. Kasoro yenyewe ilikuwa sekunde 43 za pembe katika miaka 100, na digrii moja ina sekunde 3,600 za aina hiyo. Ni kitu kidogo mno, mwingine angekifunika kwa ulimi. Hakikufunikwa. Kilibaki kimeandikwa kwenye vitabu kama deni, mpaka Novemba 1915 Albert Einstein alipokuja na nadharia mpya ya uvutano, na ile 43 ikatoka kwenye hesabu zake bila kulazimishwa.

Mtu ataniuliza: basi Newton alikuwa mwongo? Rujewa ilikuwa lini? Ni miaka zaidi ya mia moja baada ya Einstein, na kwa kazi nyingi Newton bado anatosha. Amewekewa mipaka. Nadharia mpya inapokuja hulazimika kueleza kila kitu ambacho ya zamani ilieleza vizuri, halafu iongeze na deni lililobaki. Ndiyo maana ninasikitika nikimsikia mtu akisema "sayansi hubadilika kila siku, leo hivi kesho vile", kana kwamba hiyo ni aibu. Baba yangu alipobadilisha kauli kuhusu dudumizi hakuwa kigeugeu.

Turudi kwenye mageuko, maana naona binti ananitazama.

Watu wa rika langu mnyooshe mikono: nani alikunywa klorokwini? Mnaona. Mnakumbuka uchungu wake, na kuwashwa mwili mzima usiku kucha kama umelala kwenye upupu. Tulivumilia kwa sababu ilikuwa inaponya. Halafu ikaacha kuponya. Mwaka 2001 Tanzania iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria, tukapewa dawa nyingine iitwayo SP. Nayo ikachoka. Mwaka 2006 tukaingia kwenye dawa ya mseto. Kilitokea nini? Dawa haikubadilika, ni kemikali ileile. Waliobadilika ni vimelea. Katika mabilioni ya vimelea vilivyomo kwenye damu, vichache vimezaliwa na tofauti ndogo inayovifanya vistahimili dawa. Dawa inaua vingine, hivyo vinabaki, vinazaana, mbu anavisambaza. Baada ya miaka kijiji kizima kina vimelea vya aina hiyo. Hayo ndiyo mageuko kwa uteuzi wa asili, yamepita kwenye damu yako ukiwa kitandani.

Na nadharia ilisema zaidi ya hapo. Kama ustahimilivu ule ni mzigo kwa kimelea pale dawa isipokuwepo, basi dawa ikiondolewa vile vya zamani vinaweza kurudi. Majirani zetu wa Malawi waliacha klorokwini mwaka 1993. Watafiti walipoijaribu tena huko, wakachapisha matokeo mwaka 2006, klorokwini ilikuwa inaponya karibu kila mgonjwa. Na ndiyo sababu pia ya neno mseto: kimelea kimoja kupata kwa mpigo tofauti mbili za kukwepa dawa mbili ni vigumu zaidi kuliko kukwepa moja.

Je, nadharia hii nayo imetaja kitakachoiangusha? Imetaja. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, kwenye miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 150. Nyayo za miguu ya wale wa ukoo wa binadamu kule Laetoli, Ngorongoro, zina miaka milioni 3.6 hivi. Mtu akichimbua fuvu la binadamu ndani ya mwamba uleule wa Tendaguru, lililozikwa pamoja na dinosaria, nadharia itakuwa kwenye matatizo makubwa sana. Kila mwenye sururu anaruhusiwa kujaribu.

Hapo kwenye "kila mwenye sururu" nataka nikazie, kwa ajili yenu wanangu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto. Wakitengeneza aiskrimu, akaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya ya wenzake yaliyopoa. Akauliza, akaambiwa amechanganya mambo. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza tena Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetembelea shule. Osborne hakumwambia ndiyo wala hapana, alikwenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Leo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na bado linabishaniwa: wapo waliopima kwa uangalifu mkubwa wasilione, wapo wanaosema wameliona. Haheshimiwi Mpemba hapo kwa kuaminiwa. Anaheshimiwa kwa kupimwa tena na tena, miaka zaidi ya hamsini.

Basi binti yangu, wewe si mnafiki. Kwenye mtihani huulizwi unaamini nini. Unaulizwa kama unayajua maelezo, na ushahidi unaoyashikilia. Mimi sikuombi uamini mageuko. Kitenzi hicho kiweke kwa Mungu wako na kwa mama yako. Mageuko yachunguze, uyabishie, utafute yalipo dhaifu. Na ukikuta sehemu fulani ya ulichofundishwa kanisani inagongana na mwamba wa Laetoli, huo ni mzigo halisi, sitakudanganya kwamba ni mwepesi. Nimeubeba. Mchungaji wangu na mimi tumekaa chini ya mwembe wake jioni nyingi juu ya jambo hilo, hatujamaliza, na tunashiriki meza moja. Ninachokuomba ni kimoja: usikubali kauli yoyote inayohusu mvua, ugonjwa au mtu mwingine, ije darasani au ije na joho, ambayo haiwezi kukuambia siku gani itakiri makosa. Mimi namkumbuka bibi yangu wa mlenda.

Asubuhi hii nikija hapa, dudumizi amelia kwenye kichaka nyuma ya ukumbi huu. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri, na upepo ulikuwa wa mashariki. Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu wenu, nitafunga kipimamvua uwanjani leo jioni. Mvua husomwa saa tatu asubuhi. Anayetaka, aje kesho na daftari lililochorwa vyumba vinne.